Skyrim inapozimika ghafla: Jinsi ya kumsaka mhalifu miongoni mwa mamia ya modi

MCHEZO wa tarakilishi uliosheheni modi hauzimiki bila sababu. Waweza kuzimika mchezaji anapofungua mlango, anapochomoa upanga au anapovuka daraja fulani, na kumrejesha kwenye kiwambo cha Windows bila neno lolote la maelezo. Hata hivyo, nyuma ya kila ajali ya aina hiyo kuna faili, kifaa au mpangilio uliokosewa, na aghalabu chanzo hicho hutambulika kikitafutwa kwa utaratibu.

Kilicho hatarini si mchezo wenyewe, kwani huo waweza kupakuliwa upya. Ni akiba, yaani zile faili zinazohifadhi safari ya mhusika, ambazo huenda zimemgharimu mchezaji saa 100, 200 au zaidi. Wengi huzipoteza si kwa sababu ya ajali, bali kwa sababu ya tiba. Kwa pupa ya kutaka kuendelea, huondoa modi moja baada ya nyingine katikati ya safari, na mwishowe huiua akiba waliyokuwa wakiipigania.

Mfano bora wa tatizo hili ni The Elder Scrolls V: Skyrim, mchezo wa kampuni ya Marekani ya Bethesda uliotolewa Novemba 11, 2011. Mnamo Februari 2012, kampuni hiyo iliwapa wachezaji Creation Kit, zana ya kuuhariri mchezo huo. Tangu hapo watu wa kawaida wametunga nyongeza zao wenyewe: mavazi, silaha, nyumba, visa vipya, hali ya hewa, hata visiwa vizima. Nyongeza hizo ndizo huitwa modi, na maelfu kwa maelfu yake hupatikana katika tovuti ya Nexus Mods. Si ajabu kumpata mchezaji aliyepachika modi 500 kwa pamoja, kila moja ikiwa imetungwa na mtu asiyewajua watunzi wa zile nyingine.

Toleo la 2011 lilikuwa na kikwazo cha kuzaliwa nacho. Lilikuwa programu ya biti 32, na mwanzoni halikuweza kutumia zaidi ya gigabaiti 2 za kumbukumbu. Sasisho la Desemba mwaka huo liliongeza kiwango hicho hadi 4. Kikwazo hicho kiliondoka Oktoba 28, 2016 lilipotoka Special Edition, ambalo ni la biti 64. Kwa hivyo, ushauri mwingi ulioandikwa kabla ya hapo kuhusu kurekebisha kumbukumbu hauna kazi tena kwa anayetumia Special Edition au Anniversary Edition la 2021, ingawa ungali unanakiliwa huku na kule kana kwamba ni dawa ya kila maradhi. Maelezo yanayofuata yanahusu matoleo haya mawili.

Ajali hutokea lini?

Swali la kwanza si "modi gani?" bali "wakati gani?" Jibu lake hupunguza orodha ya washukiwa kuliko hatua nyingine yoyote.

Mchezo ukizimika kabla ya menyu kuu kuonekana, mara nyingi kuna programu-jalizi inayomkosa mama yake. Modi nyingi hubeba faili ya programu-jalizi inayoutajia mchezo vitu vipya au kubadilisha vya zamani, na baadhi ya programu-jalizi hizo hutegemea nyingine zilizotangulia. Kiraka cha kuoanisha modi mbili, mathalan, hakiwezi kusimama iwapo mojawapo haipo. Mchezo haumwambii mchezaji kwamba faili mama imekosekana, huzimika tu. Programu za kusimamia modi kama Mod Organizer 2 na Vortex huonyesha alama ya onyo kando ya faili yatima, na inashangaza jinsi watu wanavyoipuuza alama hiyo na kukimbilia makisio ya mbali.

Mshukiwa wa pili katika hatua hii ni SKSE, nyongeza inayoupanua uwezo wa injini ya mchezo na ambayo modi nyingi kubwa haziwezi kufanya kazi bila hiyo. SKSE hulingana na toleo moja tu la mchezo. Modi zinazojengwa juu yake hubeba faili za aina ya dll, na faili iliyotungwa kwa toleo 1.5.97 haiwezi kutarajiwa kufanya kazi katika toleo la 1.6 na kuendelea. Nyingi huhitaji pia Address Library, orodha ya mahali pa kila kitu ndani ya injini, nayo ina nakala tofauti kwa matoleo hayo mawili. Aidha, mchezo wenye SKSE sharti uanzishwe kwa faili yake, skse64_loader, wala si kwa kitufe cha kawaida cha Steam.

Hatimaye kuna suala la idadi. Injini huipa kila programu-jalizi nambari ya tarakimu mbili katika hesabu ya kumi na sita, ile ambayo baada ya 9 huendelea kwa herufi A hadi F. Kuanzia 00 hadi FF kuna nafasi 256. FF imetengewa vitu vinavyozaliwa ndani ya mchezo, kama vile dawa anayoichanganya mchezaji mwenyewe, nayo FE imetengewa programu-jalizi nyepesi. Zinasalia nafasi 254. Programu-jalizi nyepesi hushiriki nafasi hiyo moja ya FE, na huweza kufika 4,096. Anayezidisha 254 za kawaida hujitafutia balaa ambalo dalili zake ni nyingi mno kuorodheshwa.

Mchezo ukifika kwenye menyu salama lakini uzimike unapopakia akiba, jaribio rahisi ni kuanzisha safari mpya. Njia ya mkato ni kufungua konsoli ukiwa kwenye menyu kuu na kuandika amri coc qasmoke, ambayo humpeleka mhusika katika chumba cha majaribio cha Bethesda. Chumba hicho kikifunguka bila tatizo, lawama huelekea kwenye akiba au mahali mhusika alipokuwa amesimama. Safari iliyoanzishwa kwa njia hiyo ni ya majaribio tu. Visa vya mwanzo vya mchezo huwa vimerukwa, na haifai kuendelezwa.

Ajali inayotokea mahali pamoja kila mara ni bora kuliko zote kwa mchunguzi. Hapo kuna kitu maalumu kinachopakiwa. Huenda ni umbo lililoharibika, mavazi yanayodai mifupa ambayo kiunzi cha mhusika hakina, au ramani ya njia za kutembelea iliyofutwa na modi huku wahusika wa mchezo wakiendelea kuitafuta. Modi za toleo la 2011 zilizohamishiwa Special Edition bila kugeuzwa ni mhalifu sugu. Faili zake za mienendo ya mwili ni za biti 32, na injini ya biti 64 ikikutana nazo huzimika.

Modi za mienendo, kwa jumla, zina kanuni yake. Kila zinapoongezwa au kupunguzwa, sharti programu ya Nemesis, FNIS au Pandora iendeshwe upya ili kuandaa faili za tabia. Mchezaji akisahau, atawakuta wahusika wamesimama mikono wameitandaza kama vinyago vya kuwatishia ndege shambani, au mchezo utazimika pindi mhusika anapojaribu kutembea.

Kuisoma ripoti ya ajali

Skyrim yenyewe haiachi ripoti yenye manufaa inapozimika. Pengo hilo limezibwa na watunzi wa modi. Kwa toleo 1.5.97 kulikuwa na .NET Script Framework. Crash Logger inafanya kazi hiyo katika matoleo ya baadaye. Ripoti huandikwa katika folda ya SKSE iliyo ndani ya Documents, My Games, Skyrim Special Edition.

Ukurasa wake wa kwanza hutisha, lakini haihitajiki elimu ya uhandisi kuuelewa. Mstari wa juu kwa kawaida husema EXCEPTION_ACCESS_VIOLATION. Maana yake ni kwamba mchezo ulikwenda kutafuta kitu mahali ambapo hakikuwepo, mfano wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyobomolewa. Neno hilo peke yake halimtaji mhalifu, kwa hivyo kulitafuta mtandaoni ni kupoteza wakati. Lenye faida ni majina yanayofuata: faili za maumbo za aina ya nif, faili za dll, majina ya wahusika na ya mahali, na nambari za utambulisho za vitu.

Nambari hizo zina tarakimu nane, na mbili za kwanza hutaja programu-jalizi yenye kitu hicho. Iwapo ripoti inataja 2A012345, basi msomaji aangalie programu-jalizi iliyo katika nafasi ya 2A kwenye foleni ya upakiaji, yaani 42 kwa hesabu ya kawaida ikianzwa na sifuri. Mod Organizer 2 huonyesha nafasi hizo kando ya kila faili. Nambari ikianza na FE, tarakimu tatu zinazofuata ndizo zinazoitambulisha programu-jalizi nyepesi. Ikianza na 00, kitu hicho ni cha mchezo wenyewe, lakini bado yawezekana kuna modi iliyokigusa. Programu ya SSEEdit itaonyesha modi zote zilizokibadilisha.

Ripoti moja haitoshi kumtia mtu hatiani. Faili inayotajwa mara moja huenda ilikuwa ikipita njia tu wakati wa ajali. Ripoti tatu zinazotaja umbo lilelile au dll ileile ni ushahidi wa kutegemewa.

Hapa pana kosa ambalo limewapotezea wachezaji siku nyingi. Skyrim ina daftari jingine, la Papyrus, linaloandika shughuli za skripti, zile amri ndogondogo zinazoendesha visa. Daftari hilo hujaa maonyo hata mchezo ukiwa na afya njema. Wengi hulifungua baada ya ajali, wakaona mstari wa mwisho unataja modi fulani, wakaifuta modi hiyo. Mstari wa mwisho husema tu skripti ipi iliandika mwisho. Papyrus si ripoti ya ajali, na haikukusudiwa kuwa hivyo.

Vilevile, mgongano wa modi hulaumiwa kuliko unavyostahili. Modi mbili zikibadilisha kitu kimoja, ile iliyo nyuma zaidi kwenye foleni hushinda. Matokeo yake kwa kawaida ni mlinzi aliyevaa nguo zisizotarajiwa au kisa kinachokwama. Hayo yanaudhi, ila si lazima yazime mchezo. Programu ya LOOT hupanga foleni kwa kufuata kanuni zilizokusanywa na wachezaji wenyewe, na ni msaada mkubwa, lakini kuiendesha mara kumi hakuwezi kurekebisha umbo lililooza wala kumrejesha mama aliyekosekana.

Kugawa nusu kwa nusu

Pasipo ripoti, au ripoti zinapotofautiana kila mara, inabaki mbinu ya kale: kugawa. Nusu ya modi huzimwa na mchezo hujaribiwa. Ajali ikiendelea, mhalifu yumo katika nusu iliyobaki. Ikikoma, yumo katika ile iliyozimwa. Nusu yenye hatia hugawanywa tena. Kwa njia hii modi 200 humalizika kwa takriban majaribio 8, ilhali kuzizima moja moja kwaweza kuhitaji karibu 200.

Masharti ni mawili. Kwanza, modi mama na wanawe husafiri pamoja. Ukimzima mama na kuwaacha wana, utazua ajali mpya isiyohusiana na ile ya awali, na uchunguzi wote utapotoka. Pili, majaribio hufanywa kwa safari mpya au kwa nakala ya akiba, na hakuna kinachohifadhiwa wakati wa majaribio. Modi kuzimwa kwa muda ili kupima si sawa na modi kuondolewa kisha mchezo ukahifadhiwa. Katika tofauti hiyo ndimo akiba nyingi hufia.

Kwa nini modi haiondolewi katikati ya safari

Akiba ya Skyrim haihifadhi tu mahali mhusika aliposimama na dhahabu aliyo nayo. Huhifadhi pia hali ya skripti zinazoendelea: ipi inasubiri, ipi imeshikilia nini, ipi itaamka lini. Modi yenye skripti ikiondolewa, faili zake hutoweka kwenye diski, lakini alama zake husalia ndani ya akiba. Injini hupakia akiba hiyo na kukuta kazi zisizo na mwenyewe. Huenda mchezo ukaendelea vizuri kwa saa kadhaa, na mchezaji akadhani amefaulu. Kisha ajali huanza upya, safari hii bila mpangilio wowote, na ripoti hazielekezi popote. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Modi ambazo ni picha na maumbo pekee, zisizo na programu-jalizi wala skripti, huondolewa bila hofu. Zenye kubadilisha miji, kuongeza visa au kuendesha mifumo kama njaa na baridi hazifai kuguswa hadi safari iishe. Iwapo uchunguzi umethibitisha kuwa modi ya aina hiyo ndiyo mhalifu, njia salama ni kurejea akiba iliyohifadhiwa kabla haijapachikwa, hata kama ni hasara ya saa 20. Ndiyo sababu akiba za zamani hazifutwi ovyo.

Ipo programu iitwayo ReSaver inayoweza kuifungua akiba, kuhesabu skripti yatima zilizomo na kuzifuta. Imewaokoa baadhi. Hata hivyo, ni upasuaji wa mgonjwa mahututi: hufanywa juu ya nakala, baada ya njia nyingine zote kushindikana, na akiba iliyopona kwa namna hiyo haifai kuaminiwa kwa safari ndefu.

Anayenakili akiba akumbuke kwamba kila safari yenye SKSE huwa na faili mbili zenye jina moja, ya ess na ya skse. Kuinakili ya kwanza pekee ni kuacha nusu ya habari, kwa kuwa modi nyingi huweka kumbukumbu zake katika ile ya pili.

Masasisho na mitambo

Kuna siku mchezo uliokuwa mzima jana huzimika leo bila mchezaji kugusa chochote. Mara nyingi Steam imeusasisha. Ilitokea Novemba 2021 lilipotoka toleo la 1.6, na ikatokea tena Desemba 2023 kwa toleo 1.6.1130: faili za dll zilizotegemea matoleo ya awali zilisimama hadi watunzi wake walipozirekebisha, na baadhi yao walikuwa wameshaiacha kazi hiyo. Dawa ni kuiagiza Steam isasishe tu mchezo unapozinduliwa kupitia kwake, kisha kuuzindua kupitia SKSE siku zote. Isitoshe, kuhifadhi nakala ya faili ya SkyrimSE.exe huchukua nafasi ndogo mno.

Ajali zisizo na mahali wala wakati maalumu, zinazozidi kadiri mchezo unavyoendelea, huelekeza kwenye kumbukumbu. Picha zinazovishwa maumbo ndizo walaji wakuu. Picha moja ya nukta 4,096 kwa 4,096 iliyobanwa kwa mtindo wa BC7 hushika megabaiti 16 katika kadi ya michoro, na zaidi ya 20 ikijumlishwa na nakala zake ndogondogo. Ya nukta 2,048 kwa 2,048 hushika robo ya hizo, na kwenye kiwambo cha kipakatalishi ni vigumu kuona tofauti ikiwa imevishwa ndoo au kiatu. Windows nayo hutumia sehemu ya diski kama kumbukumbu ya ziada. Wapo wanaoizima wakitumaini kuongeza kasi, na mchezo wenye modi nyingi huwaadhibu kwa kuzimika hata RAM ikiwa haijajaa. Ni heri kuiachia Windows iisimamie na kuhakikisha diski ina nafasi ya kutosha.

Yawezekana pia modi hazina hatia yoyote. Mwaka 2024 kampuni ya Intel ilikiri kwamba baadhi ya vichakataji vyake vya mezani vya kizazi cha 13 na cha 14 viliyumba kwa sababu ya umeme kupita kiasi, na kuanzia Agosti mwaka huo ikatoa marekebisho kupitia masasisho ya BIOS. Wenye vichakataji hivyo walikuwa wakiona michezo mbalimbali ikizimika, iwe na modi au la. RAM iliyoongezewa kasi kupita kipimo chake huleta dalili zilizo karibu na hizo, nayo hupimwa kwa programu kama MemTest86 ikiachwa ifanye kazi usiku kucha. Kabla ya kuvunja orodha ya modi 500, mchezaji mwenye mashaka hayo afungue katika Mod Organizer 2 wasifu mpya usio na modi hata moja na acheze kwa saa mbili. Mchezo ukizimika katika hali hiyo, fundi anayehitajika ni wa mitambo.